Kadi Arubaini na Moja za Bi Mize

Nimerudi jana kutoka Bwejuu, kwenye hitima ya Bi Mize, na hasira niliyorudi nayo haijanitoka mpaka naandika haya. Si hasira ya msiba. Bi Mize kaishi miaka yake, kazikwa na watu wake katika mchanga wa kwao, na waliomsomea walikuwa wengi kuliko watakaonisomea mimi. Hasira yangu ni ya kitabu chembamba chenye jalada la kijani nilichokabidhiwa palepale, kimefungwa ndani ya kipande cha kanga kilichochujuka. Alinikabidhi binti yake, Shuwena, ambaye naye sasa ni bibi mwenye wajukuu. "Mama kaniusia nikupe mwenyewe, mkono kwa mkono," alinambia. Nilikijua kabla sijakifungua. Nilikuwa mmoja wa waliokitengeneza, zaidi ya miaka arubaini nyuma, na kwa miaka yote hiyo nimekuwa nikipita mbali na kila rafu ambayo huenda kimewekwa.

Ulikuwa mwaka wa sita baada ya Mapinduzi. Nilikuwa na miaka ishirini na tatu, nimetoka chuo kikuu bara na shahada yangu ndani ya bahasha, na tabia yangu ya kulifikiria jambo mpaka linaoza mkononi. Nilikuwa mtu wa kusimama nje ya mlango wa ofisi nikijiuliza kama nibishe hodi mara mbili au tatu. Mara mbili labda wasisikie, mara tatu labda waone nina kiburi. Na mlango ukafunguliwa na mtu anayetoka, akanikuta nimeinua mkono kama ninayeapa. Kazi niliyopewa ilinifaa kwa ubaya wake. Ilikuwa ofisi ndogo ya tafsiri, ghorofani katika nyumba ya zamani ya Mji Mkongwe, chumba kirefu chenye boriti nyeusi na madirisha marefu, meza moja ya watu wanane na kabati la vidroo. Serikali ilitaka mafaili, fomu na vitabu vya skuli viache Kiingereza, na sisi tulitakiwa tutoe orodha: neno la Kiingereza upande huu, la Kiswahili upande ule. Sikuona kosa lolote katika nia hiyo, na mpaka leo silioni. Nilijivunia. Nilikuwa nikipita Darajani asubuhi kwenye foleni ya mchele na kutaka kuwaambia watu kwamba mimi ndiye ninayekwenda kuirudisha lugha yao nyumbani.

Mkuu wetu alikuwa Bwana Khelef, mtu nadhifu, miwani yake ameifunga uzi shingoni. Kabla ya hapo alikuwa karani wa kadhi, na kutoka huko alileta desturi aliyoipenda kuliko kazi yenyewe. Kila neno liliandikwa katika kadi yake, na kila kadi ilitakiwa iwe na mashahidi wawili chini, kama cheti cha ndoa: watu wawili waliolisikia neno hilo likitumika na walio tayari kuliwekea saini. "Neno halina wazazi hapa," alikuwa akisema, akigonga meza kwa kidole. "Likija bila ya mashahidi ni neno la kuokota." Niliiona ni desturi njema. Nilidhani ni heshima kwa maneno, na kwa watu wanaoyasema.

Maneno yaligawanywa kwa herufi. Mimi nilipewa C, na katika C nikafika kwenye cut. Herufi tatu. Mzungu hulitamka kabla hajafungua mdomo vizuri. Nikafungua kamusi kubwa ya Kiingereza iliyokuwa ofisini, nikakuta kurasa mbili nzima zimejaa neno hilo peke yake. Mzungu hutumia neno hilohilo kwa kinyozi na kwa fundi cherehani, kwa daktari na kwa mchimba mfereji. Hulitumia kwa nyama, kwa karata, kwa mshahara uliopunguzwa, kwa umeme uliozimwa, kwa mwanafunzi aliyekimbia darasa, na kwa mtu aliyekupita njiani akajifanya hakukuona. Siku tatu nilikaa na kurasa zile mbili. Bwana Khelef alipita nyuma yangu akasema, "Kata. Andika tuendelee." Sikuandika. Nilijiambia kwamba nikiandika kata peke yake nitakuwa nimedanganya, na nikiandika yote nitakuwa nimemchelewesha mkuu wangu, na usingizi ukanipaa kwa ajili ya neno ambalo hata si letu.

Nilikuwa nimepanga chumba Kiponda, ghorofa ya kwanza: kitanda cha kamba, sanduku, meza yenye mguu mfupi nilioutilia kipande cha kigae. Dirisha langu liliangalia ua wa ndani, na ndani ya ua ule ndimo alimopika Bi Mize. Alikuwa mwanamke wa makamo, mjane, mtu wa Bwejuu, aliyekuja mjini kupika kwenye maharusi na akabaki kutupikia sisi wapangaji. Kila mmoja wetu alileta alichokipata kwenye foleni, na yeye akakigeuza chakula. Wiki zilizokuwa hazina mchele, na zilikuwa nyingi, alitupa muhogo kwa namna ambazo sijazikuta tena popote, wa nazi, wa kuchoma, wa kukaushwa na kutwangwa, mpaka ukasahau kwamba unakula kitu kimoja. Mchana mmoja wa Jumamosi nilikuwa nimeegemea dirisha na kurasa zangu, nikamwona ameweka samaki changu juu ya ubao anapitisha kisu ubavuni mwake.

"Shikamoo, Bi Mize. Unamkata samaki?"

"Marahaba, mwanangu. Simkati. Nnamchanja."

"Kuna tofauti?"

Aliinua uso akanitazama kama mtu aliyeulizwa kama maji ni maji. "Nkimkata ntakupa vipande. Huyu ntakupa mzima, kachanjwa tu, chumvi na pilipili zipate pa kuingilia. We chuo gani hicho ulichosoma wasikufunze kula?"

Nilishuka ngazi na kalamu yangu. Hivyo ndivyo ilivyoanza, na iliendelea miezi mitatu. Nilikaa juu ya kibao cha mbuzi ya kukunia nazi ambacho hakikuwa kikitumika, yeye akifanya kazi zake, mimi nikiuliza. Tumbo la samaki hutumbuliwa. Magamba huparwa, "lakini hapo sijakata kitu, usiandike." Nazi hupasuliwa, kuni huchanjwa vilevile kama samaki lakini kwa nguvu nyingine, ukindu wa kusukia mikeka huchanwa, matawi ya mti hupogolewa, majani hufyekwa, msitu hutemwa, nywele hunyolewa na nyusi za bibi harusi hutindwa, na ole wake atakayesema nyusi zimekatwa. Ng'ombe huchinjwa, na ngozi yake ikachunwa, na nyama yake sasa ndiyo hukatwa, na mtu akiomba kidogo katika bonge la ugali hakatiwi, humegewa. Akanipa pia yasiyotaka kisu: kukata shauri, kukata tamaa, kukata kiu, kumkata mtu kauli, kukata mguu mahali ulipokuwa ukienda kila siku. Kila neno alilisema akilifanya, au akiniambia ningoje mpaka siku atakayolifanya. Nyusi zilinichukua wiki mbili, mpaka ilipopatikana harusi, na hata hivyo nilielezwa tu kupitia mlangoni.

Wanawake waliokuja kumsaidia walitucheka. Nilimsikia mmoja, nikiwa nje ya mlango wa jikoni, akimwambia, "Mize, kijana huyo anakuposa au anakupeleleza?"

"Ananiuliza majina ya kisu."

"Kisu kina majina?"

"Kisu hakina. Mkono ndio unayo."

Jibu hilo nililiandika pembeni ya daftari. Halikuwa na kadi ya kuwekwa.

Alipoyasikia mambo ya mashahidi alisimamisha kazi. "Kama nikahi?" akauliza. Nikamwambia ndiyo, kama nikahi. Akarudi kusugua chungu, kisha akasema hajui kuandika lakini dole gumba analo, na dole gumba ndilo alilolitia siku alipouza minazi ya marehemu mumewe na hakuna aliyelikataa. Nikaleta kidau cha wino. Kadi arubaini na moja. Aliosha mikono kabla, akaikausha kwa kanga, akalitia dole lake moja baada ya moja, taratibu, akiuliza kila safari, "Hii ya neno gani?" na nikimwambia, analirudia neno, ndipo anapogandamiza. Chini ya kila dole niliweka saini yangu, shahidi wa pili. Alipomaliza akaniuliza lile swali nililokuwa nikiliogopa bila kujua kama naliogopa.

"Na jina langu litakuwemo kitabuni?"

Nani alinituma nijibu? Mtu ambaye haamui rangi ya soksi bila kulala juu yake, siku ile nilijibu mara moja. "Litakuwemo, Bi Mize."

"Basi andika vizuri. Mize binti Vuai. Tia na Bwejuu. Akina Mize tuko wengi."

Kikao cha kupitisha herufi yangu kilikuwa Jumatatu. Niliziweka kadi mezani, zimefungwa kwa uzi. Bwana Khelef aliivaa miwani yake, akafungua, akatazama ya kwanza, ya pili, ya kumi. Kisha akaanza kucheka, na wengine wakacheka kabla hawajajua wanacheka nini.

"Bwana, tunatengeneza orodha, hatutengenezi pilau," alisema. "Na hili dole la nani?"

"La Bi Mize, bwana. Mpishi. Maneno yote kayatoa yeye."

"Anajua kusoma?"

"Hajui."

"Basi mtu anayeshuhudia asichoweza kukisoma, kashuhudia nini?"

Jibu nilikuwa nalo. Lilikuwa mdomoni, limekamilika, kama tonge. Bi Mize hakushuhudia kadi, alishuhudia samaki. Kadi niliishuhudia mimi, mjinga niliyesoma, na yeye alishuhudia kitu chenyewe na mkono unaokifanya. Fundi seremala aliyeletwa wiki moja kabla alitoa maneno yake ya mbao, nayo yakapokewa, kwa sababu alijua kuchora herufi tano za jina lake, na hakuna aliyemuuliza kama aliisoma kadi. Haya yote niliyajua palepale. Bwana Khelef akanitazama juu ya miwani akasema, kwa upole hasa, "Una la kusema?" Nikapima kama nikisema nitaonekana mbishi, na kama nikionekana mbishi nitapelekwa wapi, kwani mwaka ule watu walikuwa wakipelekwa, na kama nikipelekwa nani atampa Bi Mize jina lake, na nikiwa bado katika mizani hiyo nikasikia sauti yangu ikisema, "Sina, bwana." Akachukua kalamu nyekundu. Cut: kata. Tukaingia neno la pili. Neno committee, yaani kikao chenyewe, nakumbuka, lilijadiliwa asubuhi nzima na likapewa mistari minne.

Wapo watakaosema nimhurumie Bwana Khelef, kwamba karatasi zilikuwa haba na zama zilikuwa ngumu. Karatasi zilikuwa haba, ni kweli. Wiki ya pili yake nilipanda ngazi nikakuta mlangoni zimebandikwa kadi mpya za zamu ya kufagia ofisi. Mkono wangu ulikwenda wenyewe kuigeuza ile yenye jina langu. Nyuma yake lilikuwa dole la Bi Mize, na neno kutumbua kwa hati yangu. Zote arubaini na moja ziligeuzwa. Zilitusaidia kupangiana ufagio mpaka mwisho wa mwaka. Nilifagia ilipofika zamu yangu. Usiku nikaandika barua ya malalamiko kurasa kumi na moja, nikaisahihisha, nikaona ukurasa wa nne una ukali, nikaona bila ya ukurasa wa nne haina maana, nikaichana. Hiyo ndiyo barua ya pekee niliyowahi kuandika kwa ajili yake.

Kitabu kilitoka. Mwisho wake palikuwa na ukurasa wa shukurani kwa waliosaidia kukusanya maneno, wanaume kumi na wawili, na wa tisa nilikuwa mimi. Sikuliomba jina lile liwekwe. Wala sikuomba litolewe. Nilikaa na nakala yangu siku nne chini ya mto. Ya tano nilishuka nayo uani, kwa sababu Bi Mize alikwisha kusikia kwa watu kwamba kitabu kimetoka na akaniuliza mara mbili, hakuuliza kwa kudai, aliuliza kama mtu anavyouliza habari ya mgeni anayetarajiwa. Aliosha mikono. Akaikausha kwa kanga, vilevile kama siku ya kadi. Akakaa.

"Wapi?" akasema.

Ningeweza kumwambia. Mpaka leo nikipika chai nasimama na birika mkononi nikiyapanga maneno ambayo ningemwambia, na yanapangika vizuri sana. Siku ile nilifungua ukurasa wa mwisho, nikaweka kidole changu juu ya mstari wa tisa, kwa kuwa ndio mstari nilioujua ulipo, nikasoma kwa sauti: "Mize binti Vuai, wa Bwejuu."

"Soma tena."

Nikasoma tena. Akakichukua kitabu kwa mikono miwili, akakitazama pale nilipoweka kidole, muda mrefu, akaingia nacho chumbani mwake. Jioni ile alinipikia mchuzi wa kamba wa baharini, na nilikula. Nilikula wote.

Nilikaa nyumba ile miezi saba zaidi kabla sijahamishiwa skuli ya shamba. Kuna jambo dogo la miezi ile ambalo sikulipa maana. Desturi yangu ya kuuliza haikufa. Nilikwisha kuipenda, na labda nilidhani nikiendelea kuuliza nitakuwa naendelea kumheshimu. Nikimwona anafanya jambo nisilolijua jina lake, huegemea dirishani nikamwuliza, "Bi Mize, hivyo unafanyaje?" Naye, bila kuinua uso, hunijibu, "Nnakata." Kama ni samaki, "Nnakata." Kama ni ukindu, "Nnakata." Siku moja alikuwa anapasua nazi kwa mgongo wa panga, maji yakimchururika mkononi, na bado akasema, "Nnakata, mwanangu." Sauti yake ilikuwa ya adabu. Nilifikiri amechoka. Kila kitu katika maisha yangu nimekifikiria mara mia, na hilo nilifikiria mara moja tu na nikaridhika.

Jana, baada ya watu kula na majamvi kukunjwa, Shuwena alinipeleka ubarazani akanipa kile kitabu. Nilimwambia samahani, nikaanza kueleza habari ya kadi na kikao. Alininyamazisha kwa mkono.

"Nilikuja mjini kumtazama Ijumaa ya wiki ileile uliyompa," alisema. "Mimi nilisoma, ulikuwa hujui? Akanambia, 'Nsomee jina langu.' Nikasoma ukurasa wote. Nikasoma tena. Nikamwambia, mama, humu hamna Mize. Akanionesha kwa kidole: hapa, kasoma hapa. Nikamsomea hapo. Jina lako wewe."

"Akasemaje?"

"Kaingia jikoni."

"Sasa kwa nini hakuniuliza? Nilikuwa juu tu, Shuwena. Ngazi kumi na tatu."

Akacheka, kicheko cha mamake kabisa. "Nilimwambia hivyohivyo, mpandie umuulize. Akanambia, 'Nimuulize nini? Kijana ana adabu zake. Nkimuuliza ataanza kufikiri.'"

Kwa hivyo alijua. Miezi saba alinipikia akijua, akanijazia sahani akijua, na mwanamke mwenye maneno arubaini na moja ya kazi ya mikono yake akanipa moja tu kila nilipouliza, lilelile nililokubali libaki kitabuni. Na mimi nimezeeka nikisifiwa kwa Kiswahili changu, nimefundisha watoto wa watoto tofauti ya kuchanja na kupasua, na hakuna darasa hata moja nililosema nani aliyenipa. Nasema sasa: Mize binti Vuai, wa Bwejuu. Imechelewa kiasi hiki, na najua kwamba ni rahisi kusema mbele ya aliyezikwa.

Nimekifungua kitabu asubuhi hii, ukurasa wa mwisho. Shuwena hakunambia mama yake alikwenda jikoni kufanya nini, lakini iko wazi. Alilipitisha dole lake chini ya sufuria, akarudi nalo limejaa masizi, akaliweka pale nilipokuwa nimeweka kidole changu, taratibu, bila kuchafua pembeni, kama alivyozitia kadi zake. Mistari ya dole bado inaonekana yote. Nimekipeleka dirishani kwenye mwanga nikajaribu kulisoma jina langu chini yake. Halisomeki.